Thorong La: Njia ya miguu inayopita juu kuliko Batian

HEBU chukua kalamu uandike tarakimu mbili. Ya kwanza ni 5,199. Hizo ni mita za Batian, kilele kirefu kabisa cha Mlima Kenya wetu, ambacho hufikiwa na wale tu waliojifunza kupanda majabali kwa kamba. Ya pili ni 5,416. Hiyo nayo ni njia ya miguu ambayo wenyeji wa kaskazini mwa Nepal wamekuwa wakiipita na mifugo yao na magunia yao tangu enzi za mababu, kutoka bonde moja hadi jingine.

Njia yenyewe huitwa Thorong La. Neno "la" katika lugha ya Kitibeti ni kipito cha mlimani, yaani pale ambapo safu ya milima imeinama kidogo kati ya vilele viwili ikamwachia binadamu nafasi ya kupenya. Kulia na kushoto kwa kipito hiki vilele vinazidi mita 6,000, kwa hivyo kwa hesabu ya huko, mahali palipo juu kuliko Batian ni bondeni!

Wengi wetu tukisikia Himalaya hufikiria Everest, mitungi ya oksijeni mgongoni na mamilioni ya pesa. Thorong La ni jambo jingine. Katika miezi ya Oktoba na Novemba, na tena Machi hadi Aprili mwishoni, mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuivuka bila kamba, akilala kila usiku katika nyumba za wageni za wenyeji na kula chakula kilichopikwa jikoni. Kinachohitajika ni miguu na subira. Hiyo subira ndiyo inayowashinda wengi, na kuna waliolipa kwa maisha yao kwa kukosa kuwa nayo.

Safari huanzia Kathmandu, mji mkuu wa Nepal. Utashangaa kuambiwa kwamba mji huo uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, chini kuliko Nairobi kwa zaidi ya mita 300. Kutoka huko utapanda basi lililopakwa rangi na kuchorwa kama matatu zetu, honi na muziki usiseme, likupeleke hadi mji mdogo wa Besisahar. Hapo umeshuka tena hadi mita 800 hivi, kwenye joto, migomba na mashamba ya mpunga yaliyochongwa ngazi ngazi mlimani. Ukiwa hapo, na fulana imekuganda mgongoni kwa jasho, si rahisi kuamini kwamba baada ya siku kumi hivi utakuwa umevaa kila nguo uliyobeba na bado unatetemeka.

Njia hii ni sehemu ya mzunguko mkubwa unaouzingira mlima wa Annapurna. Annapurna wenyewe una mita 8,091, na ndio mlima wa kwanza wa zaidi ya mita 8,000 kupata kupandwa na binadamu hadi kileleni. Waliofika huko ni Wafaransa wawili, Maurice Herzog na Louis Lachenal, tarehe 3 Juni 1950. Walirudi wakiwa hai, lakini baridi ilikuwa imewaharibu mikono na miguu, na Herzog alikatwa vidole vyote vya miguu na vingi vya mikono. Eneo la mzunguko lilifunguliwa kwa wageni mwaka wa 1977, na tangu 1986 linatunzwa kama hifadhi, kubwa kuliko zote nchini Nepal, yenye kilomita 7,629 za mraba. Mgeni hulipa ada ya kuingia na kupewa kibali ambacho hukaguliwa njiani, na mwaka wa 2023 serikali iliagiza kwamba wageni wasitembee huko bila mwelekezi mwenye leseni.

Zamani mzunguko wote ulichukua wiki tatu za kutembea. Siku hizi barabara ya vumbi imechimbwa kutoka Besisahar ikifuata bonde la mto Marsyangdi hadi karibu na kijiji cha Manang, na upande wa pili magari hufika hadi Muktinath. Wako wanaolalamika kwamba barabara imeharibu utamu wa safari. Mimi siwezi kumlaumu mama wa Manang ambaye sasa mtoto wake akiugua anaweza kupelekwa hospitalini kwa gari. Lakini gari hilo hilo ni mtego kwa mgeni, kwa sababu linaweza kumtoa mita 800 na kumtua mita 3,500 kwa siku moja au mbili, naye akadhani ameokoa wakati. Ukienda, tembea. Kuna njia za miguu zilizo mbali na barabara, ng'ambo ya mto.

Na kutembea huko kuna raha yake. Utavuka madaraja marefu ya nyaya yanayoning'inia juu ya maji meupe ya mto, yakiyumba kila unapokanyaga. Ukisikia kengele zikilia mbele yako, ngoja kwanza, kwani huo ni msafara wa nyumbu. Sisemi nyumbu wale wa Maasai Mara, bali wale wanaozaliwa na punda na farasi, na hubeba mchele, mitungi ya gesi na mabati. Wakikukuta njiani simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, maana nyumbu mwenye mzigo hageuki wala haombi radhi.

Chakula kikuu ni dal bhat, nacho hakitampa Mkenya shida. Ni wali kwa dengu, mboga za kijani na achari ya kuwasha kando, na ada ya huko ni kwamba ukimaliza, mwenyeji anakuja na sufuria kukuongeza bila malipo mengine. Wanafunzi wa bweni wataelewa thamani ya jambo hilo. Chapati zipo pia, na chai ya maziwa ipo kila mahali.

Kadiri unavyopanda, nchi inabadilika kana kwamba unapita nchi tatu tofauti. Mpunga unakwisha, misonobari inaanza. Ukipita Chame, mji wa mita 2,700 hivi ulio makao makuu ya wilaya ya Manang, nyumba sasa ni za mawe zenye mapaa bapa, na badala ya mahekalu ya Wahindu unaona nyumba za ibada za Wabuddha, bendera ndogo ndogo za maombi za rangi tano, na kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno matakatifu. Kuta hizo hupitwa kwa heshima, ukiwa umeziacha mkono wako wa kulia. Mimea nayo inafupika hadi miiba na vichaka vinavyotambaa. Ndipo utafika Manang, mita 3,540, ng'ambo ya ziwa dogo la maji ya kijani lililo chini ya barafu ya mlima Gangapurna.

Hapa Manang, ndugu msomaji, usikubali mtu akuharakishe. Lala angalau siku mbili. Kuna zahanati ndogo ya shirika la uokoaji la Himalaya, lililoanzishwa mwaka wa 1973. Misimu ya wageni inapofika, madaktari wake hukusanya wasafiri wakati wa alasiri na kuwaeleza habari za ugonjwa wa mwinuko. Hudhuria, hata kama unajiona shujaa. Kwa kweli shujaa ndiye anayehitaji kuhudhuria zaidi.

Watu hudhani kwamba huko juu hewa imeishiwa na oksijeni. Sivyo. Mchanganyiko wa hewa ni ule ule wa Kisumu na Mombasa, na katika kila sehemu 100 za hewa, 21 hivi ni oksijeni. Kinachopungua ni msukumo. Uzito wa hewa iliyo juu yetu ndio unaoishindilia hewa tunayovuta, na kadiri unavyopanda, hewa iliyosalia juu yako ni kidogo, kwa hivyo ile iliyokuzunguka inatawanyika. Pale Thorong La msukumo huo ni kama nusu tu ya ule wa ufuoni. Yaani kila pumzi inakuletea nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaipata akiwa ameketi barazani.

Mwili una njia zake za kuzoea. Unapumua haraka, moyo unapiga mbio, chembe nyekundu za damu zinaongezeka. Lakini mambo hayo yanataka siku, na hakuna mazoezi ya uwanjani yanayoweza kuyafupisha. Ndiyo sababu kijana mchezaji wa raga anaweza kulala hoi huku mzee wa miaka 60 akimpita polepole na fimbo yake. Kijana alikimbia. Ukishapita mita 3,000, shauri la madaktari ni kwamba mahali utakapolala leo pasiwe juu kuliko ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukatazame mandhari, mradi ushuke kulala.

Sasa linganisha na tunavyofanya kwetu. Kwa njia ya Naro Moru, kundi la wanafunzi hulala Met Station, mita 3,050, na usiku unaofuata hulala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Hizo ni mita 1,150 kwa siku moja! Kesho yake saa tisa za usiku wanaamshwa kwenda Point Lenana, mita 4,985. Halafu tunashangaa kwa nini nusu ya darasa inatapika. Mlima wetu si mgumu kuliko Himalaya kwa urefu wake, ila tunaupanda kwa pupa kwa sababu uko karibu na nyumbani na likizo ni fupi.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa upole. Kichwa kinauma, hamu ya chakula inakwisha, usingizi hauji, unahisi kama aliyelewa jana. Hapo hakuna hatari kubwa ikiwa utabaki ulipo mpaka upone. Hatari ni kuendelea kupanda. Ukifanya hivyo, maji yanaweza kuingia mapafuni, na dalili yake ni kukosa pumzi hata ukiwa umepumzika, pamoja na kikohozi chenye povu. Au ubongo unaweza kuvimba, na mgonjwa akaanza kuyumba na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Madaktari wana kipimo rahisi ambacho hata mtoto anaweza kukitumia. Mwambie mwenzako atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, usingoje kupambazuke. Mshushe usiku huo huo, na asiende peke yake. Kushuka mita 500 hadi 1,000 mara nyingi huwa dawa kuliko dawa zote. Zipo tembe za asetazolamaidi ambazo daktari anaweza kukuandikia zisaidie mwili kuzoea, lakini haziondoi haja ya kwenda polepole. Na ile supu ya kitunguu saumu inayosifiwa katika kila nyumba ya wageni njiani ni tamu kwa baridi, kwa hivyo inywe. Usiitegemee kwa mengine.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kuficha. Mtu ametumia akiba ya miaka mitatu, amewaaga jamaa uwanjani, picha ameahidi. Kichwa kikiuma anasema amelala vibaya. Wenzake nao hawataki kupoteza siku, kwa hivyo wanakubali kudanganywa. Basi ikiwa mnakwenda wanne, afadhali mkubaliane mapema, mkiwa bado Kathmandu na akili zenu timamu, kwamba atakayeumwa atasema, na atakayesema hatachekwa.

Kuna mwingine anayeficha kwa sababu nzito zaidi, naye ni mpagazi. Wageni hudhani kila Mnepali amezaliwa na mapafu ya milimani. Ukweli ni kwamba wapagazi wengi ni vijana wa mashambani kutoka mabonde ya chini, wenye joto na mpunga, na mwinuko huwaumiza kama unavyokuumiza wewe. Tofauti ni kwamba wewe una koti la manyoya na bima, naye pengine ana viatu vya raba na hofu kwamba akikiri anaumwa atarudishwa bila mshahara. Wapo waliokufa hivyo, wameachwa nyuma wateremke peke yao. Mashirika yanayotetea wapagazi yanataka mzigo nchini Nepal usizidi kilo 30 (kwa Kilimanjaro wanataka kilo 20), na mpagazi apewe nguo za baridi, mahali pa kulala na matibabu sawa na mgeni. Kabla ya kuondoka Manang, mwangalie miguuni anayebeba begi lako. Muulize kichwa kinaendeleaje. Hilo halikugharimu chochote.

Kutoka Manang utalala Yak Kharka, kwenye mita 4,050 hivi, kisha Thorong Phedi, mita 4,500 hivi. Ni mwendo wa saa chache kila siku, na utaona unafika mapema ukijiuliza mbona husongi mbele. Songa hivyo hivyo. Karibu na Phedi pana mteremko wa changarawe ambapo mawe huporomoka. Pita haraka na kwa masikio wazi, picha utapiga mbele. "Phedi" maana yake ni chini ya mlima, na kweli ukiinua macho unaona ukuta. Wengine huendelea saa moja na nusu zaidi kulala katika kambi ya juu, karibu mita 4,900, lakini huko usingizi ni wa kuvizia tu.

Siku ya kuvuka, watu huamka saa tisa au kumi za usiku. Hii si mila ya kujitesa. Asubuhi ikishakomaa, upepo mkali huanza kuvuma kipitoni na unaweza kumyumbisha mtu mzima. Utatoka gizani na tochi imefungwa kichwani, maji yako umeyaficha ndani ya koti yasigande. Mwendo wenyewe ni hatua, pumzi, hatua, pumzi. Kasi yake ingemchekesha bibi yako. Jua linapochomoza unaona kilele mbele, unajikokota hadi hapo, kumbe ni kigongo tu, na mbele yake pana kingine, na kingine. Wengi hulia hapa, na hakuna anayewauliza.

Halafu, bila tarumbeta, ardhi inalala sawa. Mbele yako kuna rundo kubwa la bendera za maombi zikipigwapigwa na upepo, kibao chenye tarakimu 5,416, na kibanda cha mawe ambamo huuzwa chai msimu wa wageni. Bei yake ni kali, lakini kumbuka kila kikombe na kila kijiko cha sukari kimepandishwa huko mgongoni.

Kibanda hicho kina historia ya huzuni. Tarehe 12 Oktoba 2014, kimbunga kilichoitwa Hudhud kiliipiga pwani ya India karibu na mji wa Visakhapatnam. Mabaki yake yalipanda kaskazini hadi Himalaya, na tarehe 14 theluji ya zaidi ya mita moja ikaanguka katika mwezi ambao wageni huwa wengi kabisa na anga huwa safi. Mamia ya watu walikuwa njiani kuvuka. Baadhi walijibana ndani ya kibanda. Baadhi walijaribu kuteremka kuelekea Muktinath, hawaoni mbele wala nyuma, njia imefunikwa, na huko ndiko wengi walipopotea na kugandishwa. Kwa jumla zaidi ya watu 40 walikufa katika maeneo ya Annapurna na Dhaulagiri, wageni na Wanepali, wakiwemo waelekezi, wapagazi na wachungaji, na mamia wengine waliokolewa kwa helikopta na kwa miguu ya wanajeshi na wanakijiji. Wengi wao hawakuwa wamepata onyo lolote, ingawa kimbunga kilikuwa kimejulikana siku kadhaa. Siku hizi simu hushika Manang, kwa hivyo hakuna sababu ya kuondoka bila kuuliza hali ya hewa. Ukiona mawingu mazito asubuhi ya kuvuka, rudi kitandani. Kipito hakihami.

Baada ya chai, usikae. Mbele una mteremko wa mita 1,600 hadi Muktinath, nao huchukua saa tatu au nne. Mapafu yanashangilia kila hatua, magoti yanalaani kila hatua, na fimbo mbili za kutembelea hapa zina thamani kuliko kamera. Upande huu nchi imekauka, rangi ya vumbi na dhahabu, kwa sababu milima mikubwa imezuia mvua. Kwa mbali unauona Dhaulagiri, mita 8,167, umekaa kama chumvi iliyomwagwa angani.

Muktinath, mita 3,800 hivi, ni mahali patakatifu kwa Wahindu na kwa Wabuddha pia. Kuna mifereji 108 ya maji baridi ya kuogea, na ndani ya hekalu dogo ndimi za moto mdogo zinazowaka kwa gesi itokayo ardhini. Utakuta mahujaji wazee waliokuja kwa gari na farasi kutoka India, miguu mitupu, wakipita chini ya maji hayo ya barafu huku wewe umejifunika blanketi.

Njiani kuteremka Kagbeni utaona akina mama wakiuza mawe meusi ya duara. Ukilipasua moja ndani mna kiumbe wa baharini aliyegeuka jiwe, amejikunja kama konokono. Wahindu huyaheshimu kama alama ya mungu wao Vishnu. Wataalamu wa miamba nao husema ni mabaki ya viumbe wa bahari iliyokuwa hapo kabla India haijasogea na kuigonga Asia, miaka milioni 50 hivi iliyopita, na kuusukuma udongo wa chini ya bahari ukawa Himalaya. Kwa maneno mengine, kwa siku zote hizo ulikuwa unahema juu ya bahari kavu.

Kutoka Kagbeni fuata bonde la mto Kali Gandaki hadi Jomsom. Tembea asubuhi, maana baadaye upepo wa bonde huamka na kukurushia mchanga machoni. Ndege ndogo za kwenda Pokhara nazo huruka asubuhi tu kwa sababu hiyo hiyo, kwa hivyo lala Jomsom, funga mizigo usiku, na uwe kiwanjani kabla ya jua kutoka.